Mahakama imenipa tuzo, pesa yangu iko kiwandani

Mwanangu wakili,

Nakusalimu kutoka Igombe, Mwanza. Mimi ni mjane, nina mitumbwi minne ya sangara, na watoto wangu watatu wanasoma kwa ziwa hilihili. Nakuandikia kwa sababu nimechoka na ushindi.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nampa samaki wakala mmoja anayepeleka sangara kiwandani. Mwanzoni hakuwa na tatizo. Gari lake linashuka mwaloni na barafu, samaki wanapimwa, jioni napata changu. Baadaye ikawa mali kauli: leo nusu, nusu Ijumaa. Halafu Ijumaa ikawa ya wiki ijayo. Nilipokuja kushtuka deni limefika shilingi 41,600,000. Mafuta nimekopa, nyavu nimekopa, na wavuvi wangu wanataka posho yao.

Nikamshitaki mahakama ya wilaya. Kilichonisaidia ni daftari langu la mizani, lina sahihi ya dereva wake kila ukurasa. Hukumu ilitoka miezi 19 iliyopita: alipe deni lote, na riba, na gharama za kesi. Siku ile nilinunulia soda mpaka watu nisiowajua waliokuwa wamekaa nje wakisubiri kesi zao.

Miezi 10 iliyopita mahakama ikatoa amri, dalali wa mahakama akaenda kwake kukamata mali. Akakuta nini? Nyumba anayoishi na mke na watoto, ambayo dalali alisema haiguswi. Gari liko kwa jina la mdogo wake, na huyo mdogo mtu alikuja na kadi ya gari mkononi, anasema ataweka pingamizi. Vilivyobaki ni makochi, friji, na runinga yenye ufa. Dalali akaandika ripoti, mimi nikalipa gharama zake, tukarudi mikono mitupu.

Sasa huyu bwana tukikutana njiani ananiamkia "shikamoo mama" kama vile hakuna kitu. Watu anawaambia amekata rufaa, kwa hiyo nitulie. Mama yangu alipofariki alikuja msibani, akanipa milioni mbili taslimu kwenye bahasha, akaniambia hizo ni za lile deni, nyingine zinakuja. Sikuandika popote. Nyingine hazijaja.

Kinachoniuma ni hiki. Rafiki yangu wa kikoba, ambaye mumewe naye anamuuzia samaki wakala huyohuyo, ameniambia kiwanda kinamlipa mamilioni kila Ijumaa kupitia benki. Tena mbele ya nyumba yake ana fremu tatu: duka la dawa, saluni, na wakala wa pesa za simu. Wote wanampa kodi. Kwa hiyo pesa zipo, ila dalali akienda hazipo.

Kuna kijana mjini ana ofisi, anasema kazi yake ni kukusanya madeni. Nimpe nakala ya hukumu, akipata achukue asilimia 30, na ataanza kwa kwenda kiwandani "kuongea nao". Mwingine ananishauri nimpigie meneja wa kiwanda mwenyewe, eti ni mtu mwelewa. Wakili aliyenisimamia kwenye kesi amehamia Dodoma. Nifanyeje? Na je, sheria inaruhusu kumfuata mtu ambaye mimi sikuwahi kumkopesha hata kumi?

Mama wa mitumbwi minne, Igombe

*

Mama, shikamoo. Pole sana kwa msiba.

Wasomaji wengine mnisamehe: jibu hili mama alilipata kwanza mkononi, wiki kadhaa kabla ya kuchapwa, na vitu viwili vitatu kwenye barua yake nimevigeuza ili mdaiwa asijisome humu akinywa chai. Sababu mtaiona mbele.

Nianze na swali lako la mwisho. Ndiyo, sheria inaruhusu kumfuata mtu ambaye hukumkopesha, mradi yeye naye anadaiwa na huyo unayemdai. Dalali alipokwenda kule alikuwa anatafuta vitu vya kushika kwa mkono. Lakini fedha ambazo kiwanda hakijamlipa wakala wako nazo ni mali ya wakala, sawasawa na friji yake. Basi tu hazijafika sebuleni. Mahakama inaweza kuzikamata hukohuko ziliko. Salio lake la benki ni vilevile. Tunapenda kusema "pesa yangu iko benki", lakini kwa sheria benki ni mdaiwa wako kama mdaiwa mwingine yeyote, ana jengo zuri tu.

Wewe umekuwa ukimkimbiza sangara kwa mguu ufukweni, na kumbe kila Ijumaa anapita mlango mmoja. Tega mlangoni.

Amri yenyewe mawakili tunaiita ganishi. Ukikaa kwenye benchi za koridoni mahakamani utatusikia: "Benki tumeshaipiga ganishi." Neno ni la Waingereza, walioweka utaratibu huu kwenye sheria yao ya mwaka 1854, wenyewe walilitupa mwaka 2002 wakitafuta lugha nyepesi, sasa wanasema amri ya deni la mtu wa tatu. Sisi tumebaki nalo. Hapa kwetu kazi hii inafanyika chini ya Amri ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ile iliyotungwa mwaka 1966.

Inavyokwenda ni hivi. Wakili anapeleka mahakamani maombi ya kukaza tuzo, yaani kuitekeleza. Nimesema tuzo, sikusema hukumu. Hukumu ni ile ndefu yenye sababu za hakimu. Tuzo ni karatasi fupi inayosema nani amlipe nani kiasi gani, na hiyo ndiyo inayokazwa. Watu huja ofisini kwangu na hukumu wameitia nailoni ngumu kama cheti cha ndoa, ukiwauliza tuzo iko wapi wanashangaa. Kachukue nakala ya tuzo iliyothibitishwa kama huna.

Kwenye maombi hayo kuna mahali pa kusema unataka mahakama ikusaidie kwa njia gani. Mara ya kwanza mliomba kukamata mali zinazohamishika. Safari hii mnaomba kukamata madeni yaliyo mikononi mwa wengine, na mnawataja: benki fulani, kiwanda fulani. Mahakama ikiridhika inatoa amri ya awali yenye makali pande mbili, kwamba kiwanda kisimlipe wakala, na wakala asipokee, mpaka mahakama iseme vingine. Nakala moja inabandikwa mahakamani mahali pa wazi, nyingine inapelekwa kiwandani. Halafu kiwanda kinaitwa kije kiseme: unadaiwa na huyu bwana au hudaiwi, na kama unadaiwa ni kiasi gani? Kikikubali, amri inakuwa kamili na fedha zinalipwa mahakamani.

Usimwonee huruma mhasibu wa kiwanda. Kwake jambo hili ni jepesi kuliko unavyofikiri, maana akishalipa mahakamani anahesabiwa amemaliza deni lake kwa wakala, kana kwamba amemkabidhi mwenyewe. Asipojali amri na akamlipa wakala, anajitia kwenye hatari ya kulipa fedha ileile mara mbili. Wahasibu hawapendi kabisa kitu cha namna hiyo.

Sasa kalenda, na hapa naomba uvae miwani.

Tuzo yako haijafa. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inakupa miaka 12 ya kuikaza. Ila ndani ya kamba hiyo ndefu kuna nyingine fupi. Tuzo ikipitisha mwaka mmoja ndipo ukaombe kuikaza, mahakama inatakiwa kwanza impelekee mdaiwa notisi, aje aeleze kwa nini isikazwe. Unaliona tatizo. Notisi ikimfikia Jumatatu, Ijumaa ile akaunti imebaki na shilingi za makato, na kiwanda kimepewa namba ya akaunti ya shemeji. Bahati yako ni ileile safari ya dalali iliyokuudhi. Maombi mapya yakiwekwa ndani ya mwaka mmoja tangu amri ya mwisho iliyotolewa dhidi yake kwenye maombi yaliyotangulia, notisi ya namna hiyo haihitajiki. Amri ile ina miezi 10. Kwa hiyo runinga yenye ufa imekununulia muda, na umebakiwa na miezi miwili.

Ukichelewa hujafungiwa mlango. Mahakama inaweza kuiruka notisi ikiona italeta ucheleweshaji usio na maana au itaharibu haki yenyewe, lakini ni lazima iandike sababu, na wakili wako atatoka jasho kuishawishi. Hilo jasho la nini, na wewe leo unakipata kitu hichohicho bila kubishana na mtu?

Rufaa isikutishe. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi kukaza tuzo. Ni lazima aombe, na apewe, amri ya kusimamisha utekelezaji. Wakili wako apite masjala aangalie kama hiyo rufaa ipo. Rufaa nyingi nilizosikia mwaloni zimeishia hukohuko mwaloni.

Kama kuna kitu kitakachokukwamisha, mama, ni jina. Tuzo yako imeandikwa jina lake yeye, mtu mwenye pua na masikio. Je, kiwanda kinamlipa nani? Fungua lile daftari la mizani. Kama dereva alikuwa anagonga muhuri pembeni ya sahihi, soma muhuri unasemaje. Ukikuta jina la duka duka, kama vile "fulani na wanawe", nenda BRELA, ofisi inayosajili majina ya biashara na kampuni, ukatafute limesajiliwa kama nini. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata wenye shahada.

Kama ni jina la biashara tu, hakuna shida. Jina la biashara ni koti. Anayelivaa ni yeye, na deni la koti ni lake. Wakili ataeleza kwenye maombi kwamba mdaiwa anafanya biashara kwa jina hilo, ataambatanisha taarifa ya BRELA, mtaendelea.

Kama ni kampuni, habari inabadilika kabisa. Tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1896, ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaiota usiku, kampuni ni mtu mwingine hata kama mwenye hisa zote ni huyohuyo bwana. Kiwanda kikidaiwa na kampuni, hakidaiwi na yeye, na ganishi yako itarudi na jibu la mstari mmoja: "Hatumfahamu huyu kama mtoa huduma wetu." Na hapo ameshajua unachotafuta. Nimeona maombi mazuri yakifia kwenye jina, baada ya wakili kuandika kile mteja alichomwambia bila kwenda kuhakikisha.

Hata hivyo kampuni haimfichi mtu mzimamzima. Yeye ana hisa mle ndani, na hisa zinakamatika. Kama kampuni inamlipa mshahara, au ilimkopa fedha, au imetangaza gawio ambalo hajalichukua, basi kampuni yenyewe inageuka kuwa mdaiwa wa mdaiwa wako, na ganishi inaelekezwa kwake. Kuiomba mahakama ilivue hilo vazi la kampuni na kumwona aliye ndani inawezekana pale mtu alipolitumia kwa udanganyifu, ila ni vita ndefu, na mimi nisingeanza nayo.

Tuseme jina limenyooka. Bado kuna jambo la mtaji, na hili wewe unalijua kuliko mimi. Kiwanda kinampa wakala fedha za kuanzia, wakala anawapa wenye mitumbwi nyavu na mafuta, na kila samaki akipimwa kunakatwa kidogo kurudisha. Sasa kiwanda kinaweza kuja mahakamani kikasema: ni kweli wiki hii ameleta samaki wa milioni 30, lakini tulikuwa tumemtanguliza milioni 22, kwa hiyo tunachodaiwa naye ni milioni nane. Kama mkataba wao unasema hivyo, utapata nane. Wewe hupati haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo wakala mwenyewe mbele ya kiwanda. Usimwone mhasibu mwongo kwa jibu hilo. Wakili wako aombe tu maandishi: mkataba, na orodha ya mizigo na malipo. Kiwanda kikibisha bila karatasi, mahakama inaweza kulichunguza suala lenyewe badala ya kumeza neno lake.

Siku ya kupeleka amri nayo ina maana yake. Samaki waliokwisha kupokelewa kiwandani na hawajalipwa ni deni, hata kama siku ya malipo haijafika. Samaki walioko majini si deni la mtu yeyote. Kwa hiyo kama malipo ni Ijumaa, amri iingie kiwandani Jumatano au Alhamisi, mzigo wa wiki ukiwa umeshapimwa. Ya benki ni kinyume: hiyo iingie fedha zikiwa zimeshatua. Ukipeleka benki Alhamisi utakamata salio la alfu kumi na mbili na utakuwa umepiga kengele. Mimi ningeomba amri zote mbili kwa pamoja, halafu nikae na mpeleka nyaraka wa mahakama tupange saa.

Benki usiende kuuliza salio lake. Hawatakwambia, na wakikwambia wamevunja sheria, kwani Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inawafunga mdomo juu ya mambo ya mteja. Watafungua kwa amri ya mahakama. Kama akaunti ni ya pamoja na mke wake, tarajia ubishi, kwa sababu deni unalokamata linatakiwa liwe linadaiwa na yeye, na mke hayumo kwenye tuzo yako.

Zile fremu tatu usizidharau. Dalali alikuwa sahihi kuhusu nyumba: sehemu anayoishi mdaiwa na mke na watoto wanaomtegemea sheria imeikinga, pamoja na nguo, vyombo vya kupikia na vitanda. Kodi lakini si nyumba. Wapangaji ni watu wa tatu kama kiwanda kilivyo. Shida ni desturi yetu ya kulipa miezi sita au mwaka mbele: ukimpelekea amri mwenye saluni wiki moja baada ya kulipa, hadaiwi kitu leo. Jua kila mmoja mkataba wake unaisha lini. Ni fedha ndogo, zinakuja polepole, ila zitalipa angalau mpeleka nyaraka.

Kuna njia nyingine ambayo wakili atakutajia, ya kumwita mdaiwa mahakamani ahojiwe kwa kiapo: ana nini, kiko wapi, nani anadaiwa naye. Hata mtu mwingine anaweza kuitwa kuhojiwa kuhusu hayo. Ni njia nzuri, lakini kwa shauri lako iwe akiba. Ukimwita leo umemwonyesha ramani yako. Ganishi ikirudi tupu, hapo mwite, na vitabu vyake. Kuhusu kumfunga jela ya madai, najua kuna atakayekwambia. Anayeomba mdaiwa afungwe ndiye anayelipia chakula chake, kifungo chenyewe hakizidi miezi sita, na akitoka deni liko palepale. Sina hamu ya kukuona ukimnunulia ugali mtu anayekula milioni zako.

Hukuniambia kiwanda kiko wapi. Kikiwa hapa Mwanza, vizuri. Kikiwa Musoma au Bukoba, nje ya eneo la mahakama iliyokupa tuzo, wakili ataomba tuzo ihamishiwe mahakama ya kule ikakazwe. Anzeni mapema, miezi miwili si mingi. Na shukuru kwamba anauzia kiwanda. Angekuwa anaiuzia Serikali, jibu langu lingekuwa refu na la huzuni, maana fedha za Serikali hazikamatwi kwa amri ya namna hii.

Sasa hesabu. Kama hamkuandikiana riba nyingine, riba ya tuzo ni asilimia saba kwa mwaka. Kwa 41,600,000 hiyo ni shilingi 2,912,000 kila mwaka, kwa hiyo miezi 19 imeshakuongezea kama milioni 4.6, kabla ya gharama za kesi. Mkumbushe wakili aiweke, wengine husahau.

Na ile milioni mbili ya msibani. Najua unajaribiwa kuinyamazia, kwa kuwa hakuna karatasi na mtu mwenyewe amekutesa. Iandike. Fomu ya maombi inauliza waziwazi kama kuna malipo yaliyofanyika tangu tuzo itoke, na malipo ya nje ya mahakama yanatakiwa yaingie kwenye kumbukumbu za mahakama. Ukisema hakuna, halafu yeye akaleta shahidi mmoja tu aliyeiona bahasha, mazungumzo yatahama kutoka kwenye deni lake yaje kwenye uongo wako. Kwenye milioni 40 na ushee, mbili si za kuharibia jina.

Kijana wa asilimia 30 mwache. Si kwa sababu ya asilimia tu, ingawa ni nyingi. Kukamata mali au deni kwa nguvu ya tuzo ni kazi ya mahakama, kupitia madalali na wapeleka nyaraka walioteuliwa kwa kanuni za mwaka 2017, na maombi yanaandaliwa na wewe mwenyewe au wakili. Yeye hana nguvu yoyote kiwandani. Atakachofanya ni kuketi mapokezi na nakala ya hukumu yako, atoe maneno makubwa, na ndani ya saa moja wakala atakuwa amepigiwa simu. Wakili mpya utampata hapahapa Mwanza; jina lake lihakiki kwenye mfumo wa mahakama wa e-Wakili uone kama ana leseni ya mwaka huu, na mkubaliane ada kwa maandishi kabla hajashika faili. Yule wa Dodoma akupe faili lako, ni lako.

Meneja naye usimpigie. Huenda ni mwelewa kweli. Lakini bila amri, fedha zile ni za wakala na meneja hana haki ya kukupa hata senti, kwa hiyo uelewa wake hautakusaidia, na wema wake unaweza kumfanya amwambie wakala: "Kuna mama amepiga, malizaneni."

Ndiyo maana nimechelewesha kuichapa barua yako. Na ndiyo maana nakuomba jambo moja gumu kuliko yote. Huyo rafiki yako wa kikoba amekusaidia sana, siku ya Ijumaa umeijua kupitia kwake. Lakini mumewe kesho asubuhi anapima samaki kwenye gari la mdaiwa wako. Jumamosi mkikutana kugawana hisa atakuuliza kesi imefikia wapi. Mwambie bado unatafuta wakili.